Mbio za farasi: msimamizi hawezi kuwa na farasi wake zizini

Kisa cha Justify kwangu ndo kinaeleza tatizo lote. Aprili 2018 farasi huyu alishinda Santa Anita Derby kule California, mbio ambazo pointi zake zilimfungulia mlango wa Kentucky Derby, akaenda Kentucky akashinda, akaenda Preakness akashinda, Juni akamalizia na Belmont, yani Triple Crown nzima, kushinda mbio zote hizo tatu kubwa ndani ya mwaka mmoja, kitu ambacho farasi 13 tu wamewahi kukifanya katika historia yote ya Marekani. Kumbe vipimo vya ile mbio ya Santa Anita vilishatoka kabla hata ya Kentucky Derby, na vilikuwa vimekuta dawa iliyokatazwa inaitwa scopolamine. Bodi ya California inayosimamia mbio za farasi ilijua. Wananchi hawakujua, wenye farasi wengine hawakujua, waliobeti hawakujua. Agosti bodi ikakaa kikao cha ndani ikaifuta kesi, na watu wakaja kuisoma habari hiyo kwenye New York Times Septemba 2019, wakati Justify ameshastaafu na ameshauzwa kwa ajili ya kuzalisha kwa hela ndefu.

Maelezo ya bodi yalikuwa kwamba dawa ile iliingia kwa bahati mbaya, kuna gugu linaitwa jimsonweed linaota na kuchanganyika na nyasi za chakula. Inawezekana kabisa, gugu hilo lipo California na farasi wa watu wengine pia walikutwa na chembe za dawa hiyohiyo kipindi kile. Mimi sibishani na gugu. Ninachobishana nacho ni kwamba mwenyekiti wa bodi wakati ule naye alikuwa mwenye farasi, na farasi wake walifundishwa na Bob Baffert, mkufunzi yuleyule wa Justify, na sheria ya California haikuona ubaya wowote kwenye hilo. Unakuwaje hakimu wa mtu ambaye wanyama wako wamelala kwenye zizi lake? Mwishoni mwa 2023, zaidi ya miaka mitano baadaye, jaji wa Los Angeles akaamua kwamba Justify alipaswa kuondolewa kwenye ushindi wa Santa Anita, na kesi yenyewe haikufunguliwa na serikali, ilifunguliwa na mwenye farasi aliyeshika nafasi ya pili.

Sasa watu wakisikia neno usimamizi wa serikali wanafikiria polisi, wanafikiria mtu wa nje anayekuja na daftari lake anakagua anaondoka. Kwenye mbio za farasi Marekani haikuwa hivyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Kila jimbo lilikuwa na kamisheni yake, zaidi ya majimbo 30, kila moja na kanuni zake, na kamisheni hizo zilipewa kazi ambazo hazikai pamoja: kukagua mchezo, kuukuza mchezo, na kuhakikisha jimbo linapata kodi yake kwenye beti. Ukiangalia jinsi beti za farasi zinavyofanya kazi utaelewa. Hela za wote waliobeti zinaingia kwenye chungu kimoja, asilimia fulani inakatwa juu kabla hata mbio hazijaisha, kipande kinaenda serikalini, kipande kwa uwanja, kipande kinakuwa zawadi za wenye farasi, kinachobaki ndo wanagawana walioshinda. Maana yake siku uwanja ukifungwa kila mtu analala njaa, pamoja na yule mwenye daftari. Na wajumbe wa kamisheni nyingi wanateuliwa na gavana kutoka kwa watu wanaoujua mchezo, na wanaoujua mchezo ni wenye farasi na wafugaji, mzunguko ni uleule.

Matokeo yake tuliyaona Santa Anita. Kati ya mwisho wa Desemba 2018 na Juni 2019 walikufa farasi 30 kwenye uwanja mmoja, wengine kwenye mbio, wengine mazoezini asubuhi. Mvua ilikuwa nyingi mwaka ule, udongo wa uwanja ukashindiliwa ili usioshwe, wataalamu wakaletwa kuuchunguza, uwanja ukafungwa kidogo ukafunguliwa, farasi wakaendelea kuanguka. Na hapa kuna kitu watu wengi hawakijui: kwa sheria ya wakati ule bodi ya California haikuweza kusimamisha mbio hapohapo hata kama ingetaka, ilibidi itoe tangazo la siku 10 kwanza. Siku 10! Ndo Juni 2019 bunge la jimbo likabadilisha sheria haraka haraka na gavana akasaini ili bodi iweze kusimamisha mbio kwa ajili ya usalama bila kungoja. Fikiria hiyo sheria ilivyotungwa mwanzo, aliyeitunga alikuwa anamlinda nani? Alikuwa anamlinda mwenye uwanja asifungiwe biashara ghafla. Farasi hakuwa kichwani mwake kabisa.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la mifupa maana hapa ndo ubishi wote wa dawa unapoeleweka, na watu wengi wanafikiri dawa ni suala la kuiba ushindi tu. Farasi wa mbio ana kilo 450 mpaka 500 hivi na anakimbia karibu kilomita 60 kwa saa juu ya miguu myembamba, na kuna sekunde uzito wote uko juu ya mguu mmoja. Mfupa unapata nyufa ndogo ndogo, hiyo ni kawaida, ukipumzishwa unajijenga upya ukiwa mgumu zaidi. California tangu 1990 kila farasi anayekufa uwanjani anapelekwa kufanyiwa uchunguzi, na kazi ya wale madaktari wa mifugo wa chuo kikuu cha UC Davis imeonyesha kitu kimoja kwa uwazi sana, kwamba farasi wengi waliovunjika siku ya mbio walikuwa tayari na majeraha ya zamani palepale walipovunjikia. Hawakuanguka kwa bahati mbaya. Mfupa ulikuwa unalalamika wiki kadhaa kabla, ila mtu aliuziba mdomo kwa sindano.

Sindano zenyewe nyingi ni halali, ni dawa za kawaida za kutuliza maumivu na uvimbe, zinachomwa kwenye kiungo. Farasi anaamka hachechemei, mkufunzi anamwambia mwenye farasi yuko fiti, daktari wa uwanja anamwangalia asubuhi ya mbio anamwona anatembea vizuri, jioni mguu umekatika. Ndo maana kanuni inayosema farasi akichomwa sindano ya kiungo asikimbie mbio mpaka zipite siku 14 ni kanuni ya uhai na kifo, hata kama kwa anayeisoma kwenye karatasi inaonekana ni urasimu. Na zamani siku hizo zilikuwa zinategemea uko jimbo gani. Mkufunzi akibanwa hapa anapakia farasi kwenye lori anavuka mpaka, na huko anakoenda hakuna anayejua farasi huyo alichomwa nini mwezi uliopita kwa sababu rekodi za daktari ni za daktari.

Basi mtu anaweza kusema vipimo si vipo? Vipo, na vilikuwa vinafanyika kwa maelfu. Lakini Machi 2020 waendesha mashtaka wa serikali kuu kule New York walipofungua mashtaka dhidi ya watu 27, wakufunzi, madaktari wa mifugo na wauza dawa, walinaswa kwa sababu FBI ilikuwa inasikiliza simu zao. Siyo maabara. Wakufunzi wawili kati yao, Jorge Navarro na Jason Servis, walikuwa wanashinda kwa kiwango ambacho kila mtu uwanjani alikuwa ananong'ona, miaka imepita, kamisheni za majimbo zinapima mkojo na damu hazioni kitu. Navarro alifungwa miaka 5, Servis miaka 4. Farasi wa Navarro aitwaye XY Jet alishinda Dubai Golden Shaheen 2019, Januari 2020 akafa. Farasi wa Servis aitwaye Maximum Security alishinda Saudi Cup ya kwanza kabisa kule Riyadh Februari 2020, mbio za dola milioni 20, siku chache tu kabla mkufunzi wake hajakamatwa. Wasaudi waliizuia hela ya ushindi, na walikuja kumwondoa rasmi kwenye ushindi 2024. Kwa hiyo uozo wa jimbo moja la Marekani ulikuwa unapanda ndege mpaka Ghuba, na kamisheni ya jimbo haina la kufanya huko.

Ni kesi hizo pamoja na vifo vya Santa Anita vilivyofanya kile ambacho miaka mingi kilikuwa kinakwama bungeni Washington kipite. Mitch McConnell, seneta wa Kentucky kwenyewe, akaunga mkono, na Desemba 2020 sheria ya HISA, yani ya uadilifu na usalama wa mbio za farasi, ikapita ikiwa imefungwa ndani ya sheria kubwa ya bajeti. Ikaunda mamlaka moja ya nchi nzima, nayo inaitwa HISA. Kanuni za usalama wa viwanja zikaanza Julai 2022, za dawa zikaanza 2023. Mamlaka hiyo ina wajumbe 9, watano hawaruhusiwi kuwa na maslahi kwenye mchezo, na kanuni zake lazima zipitishwe na tume ya serikali kuu ya biashara, FTC. Farasi lazima awe na rekodi zake za matibabu zinazomfuata anakokwenda. Huwezi tena kuvuka mpaka ukaanza upya.

Imesaidia? Takwimu zinazohesabu vifo kwenye mbio zilianza kukusanywa 2009, mwaka ule walikufa farasi 2.00 kwa kila 1,000 wanaoingia kwenye mbio. Mwaka 2024 kwenye viwanja vilivyo chini ya HISA ilikuwa 0.90. Kwenye viwanja ambavyo haviko chini yake ilikuwa 1.76. Ni karibu mara mbili. Tuseme ukweli wote, viwanja vya nje ya HISA vingi ni vidogo, hela kidogo, farasi wa bei ya chini, kwa hiyo siyo kila tofauti hapo imeletwa na sheria, na pia hesabu hiyo inachukua vifo vinavyotokana na mbio ndani ya saa 72 tu, anayekufa mazoezini hayumo. Halafu kushuka kulianza kabla ya HISA, kazi nzuri ilishafanyika New York na California yenyewe baada ya aibu yake. Lakini hata ukitoa yote hayo bado mimi naona namba zinaongea, na mtu anayesema kila jimbo liachwe lijisimamie inabidi atuambie kwa nini miaka yote liliposimamia lenyewe halikufika hapo.

Haimaanishi HISA inamaliza matatizo. Mwaka 2023 ilikuwa ipo tayari na bado farasi 12 walikufa kwenye uwanja wa Churchill Downs ndani ya wiki chache kuzunguka Kentucky Derby yenyewe, mpaka mbio zikahamishiwa uwanja mwingine wa Ellis Park. Ila angalia tofauti, safari hii mamlaka iliitisha kikao cha dharura, uwanja ukasimama, hakuna aliyengoja siku 10.

Wapinzani wakubwa ni majimbo yenyewe. Texas ilikataa kabisa. Na HISA haikuwa na haja ya kupeleka askari, sheria inazishika mbio ambazo beti zake zinavuka mpaka wa jimbo, kwa hiyo jimbo likikataa matangazo ya mbio zake hayauzwi nje, na kwa kuwa sehemu kubwa ya beti za farasi siku hizi inatoka kwa mtu aliyekaa jimbo jingine anaangalia kwenye skrini, Texas ilikatiwa mrija. Louisiana na West Virginia wao walikwenda mahakamani wakapata zuio. Hoja ya mahakamani ni kwamba bunge limempa taasisi binafsi mamlaka ya serikali, na hoja hiyo siyo ya kipuuzi. Mahakama ya rufaa ya kule kusini, ya tano, ilikubaliana nayo 2022, bunge likarekebisha sheria kuipa FTC nguvu zaidi, mahakama nyingine mbili za rufaa zikasema sasa iko sawa, ya tano ikasema 2024 bado upande wa utekelezaji una kasoro, na Juni 2025 Mahakama Kuu kabisa ikairudisha hukumu hiyo chini wakaiangalie upya. Yani sheria inayookoa uhai imeishi muda wake wote ikiwa na kesi mgongoni.

Kinachonishangaza ni kwamba hao majimbo yanayolilia uhuru wao hawajawahi kumlilia mtu anayebeti, na huyu ndiye anayelipia kila kitu. Chukua Medina Spirit. Mei 2021 kashinda Kentucky Derby, mkufunzi Baffert tena, vipimo vikakuta betamethasone, dawa ileile ya familia ya sindano za viungo niliyoeleza hapo juu, japo Baffert alisema ilikuwa ya kupaka ugonjwa wa ngozi. Kentucky haikuruhusu hata chembe yake siku ya mbio. Uamuzi ukatoka Februari 2022, ushindi akapewa Mandaloun aliyeshika nafasi ya pili, wenye Mandaloun wakapata hadhi yao. Waliobeti Mandaloun ashinde? Hawakupata hata senti. Kanuni inasema malipo yanafungwa siku ileile matokeo yakitangazwa rasmi, basi. Aliyechukua hela kwa farasi aliyekuja kufutwa aliondoka nayo na aliyekuwa sahihi tiketi yake ilishatupwa. Naelewa huwezi kuwasaka watu miezi tisa baadaye, lakini ndo sababu ya kupima vizuri kabla ya mbio na kutoa majibu haraka, kwa sababu haki ya mtu wa chini hapa ikishapita hairudi. Medina Spirit mwenyewe alikufa Desemba 2021 mazoezini pale pale Santa Anita, hata uamuzi wa kesi yake haukumkuta.

Linganisha na Uingereza 2013. Mahmood Al Zarooni, mkufunzi wa Godolphin, kampuni ya farasi ya Sheikh Mohammed wa Dubai, mtu ambaye huwezi kupata tajiri mkubwa kuliko yeye kwenye mchezo huu, wakaguzi waliingia zizini mwanzoni mwa Aprili, kabla mwezi haujaisha alishafungiwa miaka 8 kwa kuwapa farasi steroidi. Wapo waliosema ilikuwa haraka mno na maswali mengine hayakuulizwa, na sikatai. Ila chombo kilichomfungia, British Horseracing Authority, kiliundwa 2007, muda mfupi baada ya usimamizi kutoka kwenye mikono ya Jockey Club ambayo ilikuwa klabu ya mabwana wenye viwanja na farasi.

Halafu mtu atanitajia Hong Kong, na ana haki, maana pale klabu moja ndiyo inaendesha mbio, inapokea beti zote, inamiliki maabara na inaadhibu, kwa hesabu yangu ilitakiwa iwe imeoza na badala yake ni kati ya sehemu safi kuliko zote duniani. Nimeifikiria sana hiyo. Jibu ninaloliona ni kwamba klabu ile haigawani faida, ziada inakwenda kwenye misaada na kodi, hakuna mtu anayeipeleka nyumbani. Na kingine kikubwa zaidi, historia ya matibabu ya kila farasi iko wazi kwenye tovuti yao, wewe uliyekaa na simu yako unaweza kusoma kwamba farasi namba nne alitoka damu puani mwezi jana. Ukificha hapo utamficha nani? California ya 2018 ingekuwa na utaratibu huo kesi ya Justify isingefutwa chumbani.

Kwetu Afrika Mashariki mbio za farasi za kweli ni Ngong, Nairobi, uwanja uliofunguliwa 1954, na mbio zinasimamiwa na Jockey Club of Kenya wenyewe. Serikali kwa miaka yote tangu sheria ya 1966 imekuwa ikishika upande wa beti kupitia ile bodi ya leseni, na 2025 Kenya imepitisha sheria mpya ya michezo ya kubahatisha inayounda mamlaka mpya. Na mjadala wote uliokuwepo, ukiusikiliza, ni kodi, matangazo, umri wa kijana anayebeti, mikeka ya simu. Ni mambo ya maana sana, vijana wanaumia, sipunguzi hata kidogo. Tanzania na Uganda ni hivyohivyo, bodi zetu zinajua farasi wa virtual kwenye skrini ya duka la kubeti kuliko farasi mwenye damu. Ila pale Ngong farasi ni wa kweli, na wakati wa kutunga kanuni za mamlaka mpya ndo huu. Klabu ni ndogo, hela ya zawadi siyo nyingi, hakuna anayetegemea Nairobi ijenge maabara kama ya UC Davis. Lakini mambo mawili hayana gharama ya kutisha: farasi akifa, kwenye mbio au mazoezini, itolewe taarifa ya maandishi kwa mtu asiye na farasi pale uwanjani, na rekodi ya sindano za kila farasi anayeingia kwenye kadi ya mbio isomwe na yeyote anayelipa kiingilio Jumapili.